Misikiti 17: Niliyojifunza kwa Kuandika Kijitabu cha Dini bila Uchunguzi

Kijitabu chetu kilikuwa na kurasa 36, jalada la kijani, na picha ya makaburi ya mnara yaliyo kando ya Msikiti wa Ijumaa hapa Malindi. Jina langu liliandikwa ndani kama mhariri. Tulichapisha nakala 600, na kabla mwezi wa Ramadhani haujamalizika zilikuwa zimefika Mambrui upande wa kaskazini na Watamu upande wa kusini. Naandika haya kwa sababu kijitabu hicho kilikuwa na makosa ya historia ambayo mimi ndiye niliyeyatia, na kwa sababu najua kwamba wapo wengine, misikitini na makanisani, ambao wakati huu wameshika kalamu kuandaa kitu kama kile, wakiwa na nia njema kama niliyokuwa nayo mimi.

Chanzo chake kilikuwa kijitabu kingine. Parokia moja ilikuwa imetoa chapisho la kuadhimisha historia yake, na mtu mmoja akatuletea nakala msikitini baada ya swala ya Isha. Ndani yake yalikuwamo madai mawili yaliyotuchoma. La kwanza, kwamba Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi wa Aprili 1498 aliwakuta Wakristo hapa mjini, na kwamba rubani aliyemvusha bahari hadi Calicut, bandari ya India, alikuwa mmoja wao. La pili, kwamba Francis Xavier, mmisionari wa Kijesuti, alipopita hapa mwaka 1542 aliikuta misikiti mitupu na watu waliokwisha kuichoka dini yao.

Kamati ya msikiti ilikutana siku ya pili yake ikanikabidhi kazi ya kujibu. Nilifundisha historia shuleni kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na jioni bado nasomesha madrasa, kwa hiyo hakuna aliyeuliza kama kazi hiyo naiweza, wala mimi mwenyewe sikujiuliza. Nilikuwa nimeghadhibika. Nilianza kuandika usiku ule ule, na leo nikikifungua kijitabu naweza kuzionyesha aya zilizoandikwa kwa ghadhabu, kwa sababu ndizo zinazosema kwa uhakika mkubwa zaidi na ndizo zenye ushahidi mdogo zaidi.

Niliandika kwa wiki sita. Vyanzo vyangu vilikuwa vijitabu vitatu vya zamani, mihadhara niliyoisikiliza kwenye simu, na kurasa chache zilizotolewa nakala kutoka katika kitabu ambacho jalada lake lilikuwa limepotea. Vijitabu vile vitatu vilisema mambo yale yale, mahali pengine kwa maneno yale yale, nami nikahesabu kwamba nina mashahidi watatu. Sikufikiri kwamba huenda wote watatu walilisikia jambo lile kwa mtu mmoja, na kwamba kama ni hivyo basi nilikuwa na shahidi mmoja tu, tena nisiyemjua.

Kutokana na vyanzo hivyo niliandika kwa fahari kwamba aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Julfar, bandari ya Uarabuni, Muislamu mcha Mungu, na kwamba Wazungu wasingevuka lau si elimu yake. Niliandika kwamba Francis Xavier mwenyewe, katika barua yake, alikiri kuwa mji wetu ulikuwa na misikiti 17. Niliandika sura nzima juu ya Yusuf bin Hassan, mfalme wa Mombasa wa ukoo wa Malindi, aliyewapindua Wareno mwaka 1631. Na niliandika kwamba nguzo ya Vasco da Gama ilisimamishwa mahali palipovunjwa msikiti. Hili la mwisho nililichukua katika mhadhara. Shajara ya safari ya Wareno inasema tofauti, kwamba nguzo ilisimamishwa mwaka 1499, meli zilipokuwa zikirudi kutoka India, baada ya mfalme wa Malindi kuombwa ruhusa, iwe alama ya urafiki. Mtu anaweza kuwa na shaka na maneno ya Wareno juu ya urafiki wao, na mimi ninayo, lakini shaka yangu haikunipa haki ya kubuni msikiti na kuubomoa.

Gharama ya uchapishaji ilikuwa shilingi 54,000. Shilingi 20,000 zilitoka katika mchango wa waumini, na zilizobaki nilizitoa katika akiba yangu, nikiamini kwamba ni sadaka inayoendelea. Mwenye kiwanda cha chapa alituharakisha kwa sababu kazi za Ramadhani zilikuwa nyingi, na sisi tukajiharakisha zaidi. Hakuna aliyeisoma miswada isipokuwa mimi. Kamati iliisifu kabla ya kuisoma.

Aliyenionyesha kosa ni mtoto wa dada yangu, binti anayesoma historia chuo kikuu. Alikuja kutuamkia siku ya Idi, akakikuta kijitabu barazani, akakisoma chote kimyakimya huku wenzake wakila na kuzungumza. Alipokimaliza aliniuliza kwa adabu, "Mjomba, hii habari ya Ibn Majid, isnadi yake ni ipi?"

Neno lile lilinipiga. Kila jioni nawafundisha watoto kwamba hadithi haipokewi kwa kuwa ni nzuri, bali kwa kuwa unajulikana mnyororo wa watu walioipokezana, nani kaisikia kwa nani, na nani kati yao anaaminika. Nawasomesha pia aya ya sita ya Suratul Hujurat, inayotuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuitendea kazi. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani nilipoandika, na sikuyatumia, kwa sababu nilidhani ni kanuni za elimu ya hadithi peke yake, na kwamba historia ya kumjibu jirani inaweza kuandikwa kwa kanuni nyepesi zaidi. Nilimjibu binti yule kwa ukali kwamba jambo hilo linajulikana na kila mtu. Hakubishana nami. Baada ya wiki mbili alirudi na bahasha ya nakala, akaniachia, akaenda kumsaidia mama yake jikoni.

Nilichokisoma katika bahasha ile kilinikosesha usingizi. Habari ya kwamba Ibn Majid ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama haikuandikwa na mtu aliyekuwapo. Iliandikwa na Qutb al-Din al-Nahrawali, mwanachuoni wa Makka, miongo mingi baada ya safari ile, katika kitabu cha kuusifu ushindi wa Waturuki wa Uthmaniya huko Yemen. Na hakuiandika kwa kumsifu Ibn Majid. Alieleza kwamba mkuu wa Wafaranji, yaani Wareno, alimlevya baharia huyo, na kwamba alipokuwa amelewa ndipo alipowafichulia njia. Ilikuwa shutuma. Mapema katika karne ya 20 msomi wa Kifaransa, Gabriel Ferrand, akaieneza habari ile miongoni mwa wanahistoria, na kutoka hapo ikaingia katika vitabu vya shule, kisha katika vijitabu vyetu, na kila ilipopita mikononi mwa mtu ulevi ulipunguzwa na utukufu ukaongezwa, hadi ikanifikia mimi ikiwa sifa tupu.

Mimi, mwalimu wa madrasa, nikiwa na nia ya kumtukuza mwanachuoni wa Kiislamu, nilikuwa nimechapisha nakala 600 za tuhuma iliyotungwa kumfedhehesha. Watu waliompenda Ibn Majid kwa elimu walifanya kinyume cha nilivyofanya mimi. G. R. Tibbetts, aliyefasiri maandishi yake ya bahari na kuyachapisha mwaka 1971, hakuikubali habari ile. Mtawala wa Sharjah, Sheikh Sultan bin Muhammad Al-Qasimi, aliandika risala nzima mwaka 2000 kumtakasa nayo. Ingalitosha nifuate uzi hatua mbili tu nyuma ili niyaone hayo.

Waandishi wa Kireno wa karne ya 16, Castanheda na Barros, wanamtaja rubani kwa jina la Malemo Canaqua au Malemo Cana, na wote wawili wanasema alikuwa mtu wa Gujarat. Msomaji wa pwani hahitaji kufasiriwa kwamba hilo Malemo ni maalim, cheo cha msomi wa bahari anayepima nyota na kuongoza chombo, si jina la mtu. Barros anaongeza kwamba alikuwa Muislamu. Nakiri kwamba nilipofika hapo moyo ulinirukaruka, nikaanza mara moja kutunga sentensi mpya ya ushindi. Binti alikuwa amenitangulia, kwani katika bahasha ile ile aliweka ukurasa wa shajara ya safari, iliyoandikwa na mmoja wa watu waliokuwamo melini, nayo inasema rubani alikuwa Mkristo. Nikajua parokia ililitoa wapi dai lao.

Lakini shajara ile ile ndiyo inayoonyesha kwa nini neno hilo halitegemeki. Wareno walipotia nanga Malindi waliwakuta Wahindi wenye majahazi manne, wakawadhania kuwa ni Wakristo. Waliwaonyesha picha ya Bikira Maria, Wahindi wakainama. Waliwasikia wakipaza sauti, nao Wareno wakasikia jina la Kristo, ilhali wengi wa wanaoichunguza habari hii wanaona kwamba huenda lilikuwa jina la Krishna. Mwandishi mwenyewe anasema kwamba watu hao hawakula nyama ya ng'ombe. Walipofika Calicut, Wareno waliingia katika hekalu la Wahindu wakasali wakidhani ni kanisa, wakashangaa tu kwamba watakatifu waliochorwa ukutani walikuwa na mikono minne au mitano. Wakristo wa Malindi wa mwaka 1498 waliotajwa na parokia walikuwa Wahindu.

Nilikwenda pia kumuuliza mzee mmoja wa Shela aliyekuwa nahodha wa jahazi enzi zake. Nilimsomea sentensi yangu inayosema kwamba njia ya India ilikuwa siri iliyofichuliwa. Alinitazama kwa muda, akasema, "Maalim, kusi likianza kuvuma, kila chombo kilichoelekea Hindi kilijua pa kwenda. Siri ilikuwa kwa mgeni tu." Hesabu inamuunga mkono. Meli ziling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili, kaskazi imekwisha na kusi linaanza, na kabla mwezi wa Mei haujamalizika zilikuwa mbele ya Calicut. Majahazi ya Gujarat yaliyokuwa bandarini yalikuwa yakifuata msimu ule ule. Nilikuwa nimeandika kurasa nne juu ya bahari bila ya kumuuliza baharia hata mmoja, katika mji ambao baharia hawajakwisha.

Ikabaki barua ya Xavier. Katika parokia ile yuko katekista ambaye tulifundisha naye shule moja kwa miaka tisa, Mgiriama wa huku huku Malindi, mtu mpole asiyependa ugomvi. Tangu vijitabu vitoke tulikuwa tukiamkiana kwa mbali. Niliposikia kwamba ndiye aliyekusanya habari za chapisho lao, nilimpelekea salamu kwamba nataka kumwona. Tulikutana kwenye mkahawa wa karibu na soko la zamani, kila mmoja na kijitabu chake mfukoni. Tulianza kwa uzito. Nilimwambia, "Mwalimu, nimekuja kukuonyesha kosa langu, si lako." Akanyamaza, kisha akaagiza kahawa.

Alikuwa na tafsiri ya barua nzima, aliyoazimwa na padri. Xavier aliiandika akiwa Goa, makao ya Wareno huko India, mwezi wa Septemba 1542. Anaeleza kwamba meli yao ilipita Malindi, wakamzika hapa mtu aliyefia melini, na Waislamu wa mji wakapendezwa na namna Wakristo wanavyozika wafu wao. Anasimulia kwamba mmoja wa waheshimiwa wa mji alimwendea akamuuliza kama makanisa ya kwao hujaa watu wa kusali na kama watu wana bidii katika ibada. Mtu huyo akamwambia kwamba hapa ucha Mungu umepungua sana, kwa kuwa mjini mna misikiti 17 lakini watu huenda katika mitatu tu, tena wachache, na kwamba hakuelewa balaa hilo limetoka wapi. Xavier akamjibu kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasiomwamini, wakajadiliana kwa muda mrefu, wakaachana kila mmoja na rai yake.

Tuliiweka barua mezani na vijitabu viwili kando yake. Mimi nilikuwa nimenukuu misikiti 17 nikaweka nukta. Wao walikuwa wamenukuu uchache wa watu wa kusali na hawakuitaja idadi ya misikiti kabisa. Tulikuwa tumeikata sentensi moja katikati, kila mmoja akaondoka na kipande chake. Yangu ilikuwa mbaya zaidi, maana yeye aliipata nukuu ile ikiwa imekwisha kukatwa na mtu mwingine, ilhali katika kurasa zangu zisizo na jalada sentensi ilikuwa kamili. Niliiona. Nilijua inaendelea vipi, na nikaamua kusimama pale paliponifaa. Makosa mengine yote ninaweza kuyaita uzembe. Hili si uzembe, na nimeliombea toba kwa jina lake.

Mwalimu aliisoma tena aya ile polepole, kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa kuisoma mara zote zile. "Huyu mzee wa Malindi alikuwa na huzuni." Ni kweli. Katika barua yote ndiye mtu pekee anayeuliza asichokijua. Alikuwa mwenyeji, mtu wa heshima, aliyeona mji wake umebadilika, akapata ujasiri wa kumuuliza mgeni wa dini nyingine kama na kwao ni vivyo hivyo. Xavier hakulishughulikia swali lake, alishughulikia dini yake. Karibu miaka 500 baadaye, sisi tunaoishi katika mji wake tulimchukua mtu yule tukamfanya, mimi shahidi wa fahari, wao shahidi wa aibu, na hakuna kati yetu aliyeandika kwamba alikuwa na swali. Tulikaa pale hadi adhana ya Alasiri. Mwalimu alinieleza pia kwamba kijitabu chao kilisema Xavier ndiye aliyelijenga kanisa dogo la Wareno lililo karibu na bahari, na kwamba ndani ya barua hakuna neno kama hilo, kwani alikuwa msafiri aliyepitia tu.

Habari ya Yusuf bin Hassan tulimalizana nayo siku nyingine, na ilikuwa chungu kwa wote wawili. Baba yake, mfalme Hassan bin Ahmad, aliuawa mwaka 1614 kwa njama ya Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudishwa Mombasa kutawala. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia Fort Jesus na watu wake, akamuua kapteni, akarudi katika Uislamu, na Wakristo waliokataa kumfuata wakauawa. Kijitabu cha parokia kilianza na mauaji hayo na hakikumtaja baba. Changu kilianza na baba, kikaruka mauaji, na hakikusema kwamba miongoni mwa waliouawa walikuwamo Waafrika wa pwani hii, waume kwa wake, wala kwamba mwaka uliofuata mfalme mwenyewe aliuacha mji, akawa mtu wa baharini, na Wareno wakarejea. Juu ya mlango wa Fort Jesus lipo bamba la mwaka 1635 ambalo kapteni mpya alilichongesha kujisifu jinsi alivyoiadhibu pwani na kubomoa kuta za Pate na Siyu. Waswahili husema mwamba ngoma huvutia kwake, na bamba lile ni ngoma iliyowambwa juu ya jiwe. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi kulitazama na kuwaeleza upendeleo wa mwandishi wake, nami nisiuone wangu.

Kusahihisha kulikuwa kugumu kuliko kuandika. Nilipoieleza kamati, mjumbe mmoja aliniuliza kama nimelipwa na kanisa. Mwingine, mtu ninayemheshimu, alisema kwamba kukiri kosa hadharani ni kuwapa wapinzani silaha, na kwamba tunyamaze mpaka watu wasahau. Sikumlaumu, kwa sababu miezi minne kabla ningesema vivyo hivyo. Nilimjibu kwamba waliokisoma ni watoto wetu zaidi kuliko wapinzani, na kwamba mtoto atakayekwenda chuo na kuligundua kosa mwenyewe hataacha kuiamini sura ya Ibn Majid peke yake, atatilia shaka na yale ya kweli tuliyomfundisha. Tulibishana mara tatu. Mwishowe waliniruhusu kuchapisha ukurasa wa masahihisho kwa gharama yangu, shilingi 7,500, kwa sharti kwamba usitaje parokia. Mjumbe yule wa kwanza hajanisalimu hadi leo, na jambo hilo linaniuma kila nikimwona safu ya mbele.

Nilizunguka kwa miguu na kwa tuktuk kuzitafuta nakala. Nilifanikiwa kuzipata 212 na kuzibandika ukurasa ule. Zilizobaki sijui ziliko. Atakayechapisha kijitabu naomba aweke daftari la nani amepewa nakala ngapi, kwa sababu siku ya kusahihisha ndiyo siku atakayolihitaji, na mimi sikuwa nalo.

Naomba pia asiipeleke kazi kwa mpiga chapa kabla haijasomwa na mtu asiyekubaliana naye. Nilikuwa nimezungukwa na watu walionipenda, na mapenzi yao hayakunisaidia kuona chochote. Katekista yule angeyaona makosa yangu kwa usiku mmoja kama ningempa, nami yake. Na kila habari iandikwe pamoja na chanzo chake, palepale chini ya ukurasa, hata kama wasomaji hawataitazama tanbihi, kwa sababu tanbihi humzuia mwandishi kabla ya kumsaidia msomaji. Nilipojaribu kuziandika baadaye, sentensi 11 katika kurasa zangu hazikuwa na cha kuwekwa chini yake. Nukuu isomwe katika barua au kitabu kizima, juu yake na chini yake, si katika kijitabu cha mwenzako. Ikiwa mstari fulani unakufurahisha kupita kiasi, uanze na huo. Wangu wa Ibn Majid niliusoma kwa sauti mbele ya wake na watoto wangu usiku nilipouandika, na hakuna mwingine niliouchunguza kidogo kuliko huo.

Parokia haijatoa masahihisho. Mwalimu aliniambia kwamba ameandika kurasa mbili na kumkabidhi padri, na kwamba anasubiri. Simharakishi, kwa kuwa nimeona kwa macho yangu inavyomgharimu mtu.

Mwezi uliopita nilikwenda matangani Mambrui. Baada ya hitima alisimama kijana mmoja kutoa mawaidha, na katikati ya maneno yake nikaisikia sentensi yangu, kwamba Wazungu wasingevuka lau si elimu ya Ahmad ibn Majid. Aliisema neno kwa neno, kwa sauti nzuri, na wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nilingoja hadi watu walipotawanyika, nikamwendea, nikamshika mkono, nikamvuta kando chini ya mwembe. Nilimuuliza habari ile ameitoa wapi. Alijibu kwa furaha kwamba iko katika kitabu, na akaanza kunieleza jalada lake, la kijani, lenye picha ya makaburi ya mnara. Nikamwambia kwamba kitabu hicho nimekiandika mimi, na kwamba kama ana nafasi aketi, kwa sababu maelezo yake ni marefu.